Kati ya Kuukana Uraia na Kupewa Cheti

Kwenye kurasa za ndani za magazeti ya Tanzania, karibu na matangazo ya minada ya nyumba na taarifa za hati za viwanja zilizopotea, mara kwa mara huchapwa tangazo dogo ambalo maneno yake hayabadiliki. Linataja jina la mtu na anwani yake. Linasema mtu huyo anamwomba Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi ampe uraia wa Tanzania kwa tajnisi, yaani uraia ambao mgeni hupewa baada ya kuuomba, kisha linamtaka yeyote mwenye sababu ya kupinga apeleke maelezo ya maandishi yenye sahihi yake. Hutoka mara mbili, na anayelilipia ni mwombaji mwenyewe. Mtu aliyekaa mtaani miaka 20, aliyezika na wenzake na kuchangia harusi za watoto wao, anajianika mbele ya wasomaji asiowajua ili asiyemtaka apate nafasi ya kusema.

Tangazo lenyewe halina ubaya. Uraia ni jambo la watu wote, na ni haki wote wasikie nani anaomba kuingia. Tatizo la tajnisi halipo mlangoni. Lipo katika kipindi ambacho mwombaji ameshavuka kizingiti kimoja na hajafika kingine: ameuachia uraia wake wa zamani, au ameahidi kuuachia, na ule mpya haujafika mkononi. Kipindi hicho kinaweza kuwa wiki kadhaa. Kwa watu zaidi ya 162,000 kilikuwa miaka 4.

Masharti yenyewe si makali kupita kiasi. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Sura ya 357, imeyapanga katika Jedwali la Pili. Mwombaji awe mtu mzima, awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe ameishi Tanzania kwa jumla ya miaka isiyopungua 7. Awe anajua Kiswahili au Kiingereza kiasi cha kutosha. Awe na mwenendo mwema, awe amechangia na aonekane ataendelea kuchangia uchumi, sayansi na teknolojia au ustawi wa jamii na utamaduni, na awe na nia ya kuendelea kuishi hapa.

Ila masharti hayo ni ya aina mbili, na anayeomba hana budi kuzitofautisha mapema. Ya kwanza yanahesabika: mihuri ya pasipoti, vibali vya ukaazi, stakabadhi za kodi. Ya pili hayahesabiki, bali yanatolewa maoni. Mwenendo mwema ni upi? Mchango wa mama anayeuza vitenge sokoni Kigoma unalinganishwa vipi na wa mhandisi wa mgodi wa Geita? Jedwali halisemi. Jibu linatoka kwa watu, na safari ya kulitafuta inaanzia chini kabisa.

Faili la mwombaji huanza na barua za mtaa na kata, likapita kwenye kamati za ulinzi na usalama za ngazi ya kata, wilaya na mkoa, likapelekwa makao makuu ya Idara ya Uhamiaji, na mwisho likafika mezani kwa Waziri. Kuanzia chini kuna hekima yake. Mtendaji wa kata anajua nani alichanga wakati wa kujenga darasa na nani huwa anagombana na majirani kila msimu wa kilimo. Ofisa aliyeko makao makuu hana njia ya kuyajua hayo. Lakini ujirani huohuo una upande wa pili. Ugomvi wa mpaka wa shamba, wivu wa biashara au talaka iliyoisha vibaya vinaweza kuingia kwenye faili vikiwa vimevishwa joho la usalama wa nchi, na mwombaji asijue kamwe kwamba vimeandikwa, achilia mbali kupata nafasi ya kuvijibu.

Na akikataliwa? Kifungu cha 23 kimefunga mjadala: Waziri halazimiki kutoa sababu ya kukubali wala kukataa, na uamuzi wake haukatiwi rufaa wala hauhojiwi katika mahakama yoyote. Mtu aliyeomba leseni ya baa akinyimwa anaweza kudai sababu. Aliyeomba kuwa Mtanzania hana pa kuuliza.

Watetezi wa kifungu hiki husema uraia ni zawadi ya taifa, na mtoa zawadi hadaiwi maelezo. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama waombaji wote wangekuwa wageni waliokuja wakubwa, wakaipenda nchi na kuamua kubaki. Sivyo ilivyo. Sehemu kubwa ya waliopitishwa kwenye tajnisi katika historia ya Tanzania walizaliwa hapahapa, na kwa hao sheria ina mvutano ambao wanasheria wa uraia wameuzungumza kwa miaka mingi. Kifungu cha 5 cha Sheria hiyohiyo, kikisomwa kama kilivyoandikwa, kinampa uraia wa kuzaliwa kila aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano, isipokuwa mtoto wa mwanadiplomasia wa kigeni au wa adui wakati wa vita. Hakidai mzazi awe raia. Utekelezaji, hata hivyo, unadai. Katika ofisi za serikali mtoto wa mkimbizi aliyezaliwa Urambo mwaka 1980 amehesabiwa kuwa mgeni kama baba yake, na njia aliyoonyeshwa ni ya tajnisi.

Tofauti hiyo si ya karatasi tu. Raia wa kuzaliwa hawezi kuvuliwa uraia wake na Waziri, lakini raia wa tajnisi anaweza. Raia wa kuzaliwa anaruhusiwa kugombea urais kwa mujibu wa ibara ya 39 ya Katiba, wakati raia wa tajnisi amefungiwa. Kumtajnisi mtu ambaye maandishi ya sheria yanamhesabu kuwa raia wa kuzaliwa ni kumpa pungufu ya kilicho chake na kumtaka ashukuru.

Haikuanza hivi. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Bunge la Tanganyika lilijadili muswada wa uraia, na baadhi ya wabunge wakataka Waafrika peke yao ndio wawe raia siku ya Uhuru, Waasia na Wazungu wasubiri. Julius Nyerere, wakati huo Waziri Mkuu, alisimama akakataa, akaweka wazi kwamba serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kujenga uraia juu ya rangi ya ngozi. Muswada ulipita. Aliyezaliwa Tanganyika, na mzazi wake mmoja akiwa amezaliwa Tanganyika, akawa raia moja kwa moja, na wengine waliokuwa na makazi wakapewa miaka 2 ya kujiandikisha. Katika mlango huo uliofunguliwa mapema aliingia Barbro Johansson, mwalimu kutoka Sweden aliyefundisha wasichana Bukoba na kuingia bungeni kwa tiketi ya chama cha TANU, ambaye Watanzania wa rika lake walimwita Mama Barbro bila kuuliza alizaliwa wapi.

Mwaka 1980 serikali hiyohiyo iliwapa uraia wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000, jambo ambalo wakati huo halikuwa na mfano barani. Nyerere alipotunukiwa Nishani ya Nansen, tuzo ya Umoja wa Mataifa kwa waliohudumia wakimbizi, mwaka 1983, sera hiyo ya kupokea na kuwaweka watu ilikuwa sehemu ya sababu. Kwa hiyo Tanzania ilipofika kwenye tajnisi yake kubwa kuliko zote haikuwa inajifunza kutembea. Ndiyo maana yaliyotokea yanastahili kuangaliwa kwa makini.

Mwishoni mwa Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa Burundi, na utawala wa Michel Micombero ukajibu kwa mauaji ya Wahutu, hasa waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu. Waliookoka walivuka mpaka kwa miguu na kwa mitumbwi. Tanzania iliwapeleka mbali na mpaka, katika misitu ya miombo yenye mbung'o, wakafyeke na kulima. Makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora na ya Katumba, upande wa Mpanda, yalianza mapema miaka ya 1970. Mishamo ilifunguliwa mwishoni mwa muongo huo, kwa sababu maji na ardhi ya Ulyankulu havikuwatosha waliokuwapo. Shirika la Kikristo la Kuhudumia Wakimbizi, TCRS, lilisaidia kupima vijiji na kuchimba visima, na kufikia mwaka 1985 makazi yalikuwa mikononi mwa serikali, yakijitegemea kwa chakula na yakiuza ziada. Tumbaku ya Ulyankulu na mahindi ya Katumba yaliingia kwenye masoko ya mikoa hiyo kama mazao ya mkulima mwingine yeyote.

Mkulima mwenyewe ndiye hakuruhusiwa kuingia sokoni kama mkulima mwingine. Ili kutoka nje ya makazi alihitaji kibali cha mkuu wa makazi, chenye tarehe ya kwenda na ya kurudi. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo na Kigoma mjini katikati ya miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1995, alikuta tofauti inayofundisha mengi. Mishamo, ambako watu walikuwa wametengwa, walijiona taifa lililo uhamishoni, wakisimuliana historia ya walikotoka kwa uchungu uleule. Kigoma mjini, wenzao waliotoka mauaji yaleyale walikuwa wameshachanganyika na watu wa mji, wakifanya biashara, wakioa na kuolewa, wengi wakiwa hawapendi hata kuitwa wakimbizi. Sera ya kuwatenga watu ndiyo iliyowafanya waendelee kuwa wageni. Miaka 35 baada ya kuvuka mpaka, watu wa makazini wakaulizwa kama kweli wamekuwa Watanzania.

Mpango wenyewe ulianza mwaka 2007, kwa makubaliano ya Tanzania, Burundi na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR. Watu wapatao 218,000 walihesabiwa katika makazi yale matatu na kila familia ikaulizwa swali moja: mnarudi Burundi au mnabaki? Takriban asilimia 80 walichagua kubaki. Waliotaka kurudi walisindikizwa, zaidi ya 50,000 kwa jumla. Waliobaki wakajaza fomu, wakahojiwa, wakakubali kuukana uraia wa Burundi, na mwaka 2010 ikatangazwa kwamba maombi ya watu 162,156 yamekubaliwa. Hapajawahi kutokea kundi kubwa la wakimbizi namna hiyo kupewa uraia na nchi iliyowapokea kwa uamuzi mmoja. Dunia ilipiga makofi, na ilistahili.

Kisha cheti hakikutoka.

Serikali ilikuwa imeambatanisha uraia na sharti ambalo halimo katika Jedwali la Pili: raia wapya wahame makazi, wasambazwe katika mikoa 16, na makazi yafungwe. Hofu iliyokuwa nyuma ya sharti hilo inaeleweka, maana hakuna serikali inayopenda kuona eneo zima la nchi lina watu wa asili moja wanaozungumza lugha moja ya nje. Lakini sharti lilikuja na gharama zisizopangiwa bajeti. Mikoa ya kupokea haikuwa imeandaliwa, madiwani na wabunge wa huko wakauliza ardhi itatoka wapi, na mwaka 2011 zoezi likasimamishwa. Uamuzi wa tajnisi ulibaki kwenye majalada, na watu wakabaki Katumba, Mishamo na Ulyankulu.

Hapo ndipo pengo lilipofunguka, na linafaa kuangaliwa kwa karibu. Mkazi wa Mishamo mwaka 2012 alikuwa ameshaukana uraia wa Burundi, kwa hiyo hakuwa Mrundi. Ukimbizi wake ulishahesabiwa kwisha, kwa hiyo ulinzi aliokuwa nao chini ya sheria ya wakimbizi ulikuwa umelegea. Cheti cha Utanzania hakuwa nacho. Akitaka kusafiri kwenda Dar es Salaam, aonyeshe nini njiani? Kijana aliyemaliza kidato cha sita na kutaka mkopo wa elimu ya juu, unaotolewa kwa raia, aambatanishe nini? Na kwa kuwa tangazo la kuhama lilikuwa halijafutwa, nani angechoma tofali za nyumba ya kudumu au kupanda miembe ambayo angeiacha? Shule na zahanati za makazini zilikuwa zinangoja kufungwa, na jengo linalongoja kufungwa halipakwi rangi. Mashirika ya haki za wakimbizi, likiwamo la International Refugee Rights Initiative lililofanya kazi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaliyaandika hayo yote wakati yanatokea.

Mwaka 2013, pengo likiwa bado wazi, ikaja Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Lengo lililotangazwa lilikuwa wahamiaji haramu na ujambazi. Maelfu walivushwa mpaka kwenda Rwanda, Burundi na Uganda, na miongoni mwao walikuwamo waliosema wameishi Tanzania maisha yao yote, wenye wake, watoto na ng'ombe upande huu. Ulyankulu na Mishamo hayakuwa ndani ya operesheni, lakini kila aliyekuwa anangoja cheti alielewa redio ilikuwa inasema nini kuhusu mtu asiye na karatasi.

Oktoba 2014 Rais Jakaya Kikwete alianza kukabidhi vyeti, na sharti la kuhama likaachwa. Katika uchaguzi mkuu wa 2015 Ulyankulu ilikuwa jimbo lenye mbunge wake, na watu waliotumia miaka 40 kuomba ruhusa ya kwenda sokoni wakapanga foleni ya kura. Hili ni jambo kubwa katika historia ya nchi, na halijasimuliwa vya kutosha mashuleni. Lakini ukweli wake mwingine usifichwe: hakuna aliyevunja sheria kwa kuwaacha watu hao miaka 4 kati ya nchi mbili. Sheria haina tarehe ya mwisho ya kutoa cheti baada ya maombi kukubaliwa. Haisemi mtu ana hadhi gani wakati anangoja. Imeliacha pengo bila mwenyewe.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 kuhusu kupunguza hali ya kukosa uraia uliliona tatizo hili mapema. Kanuni yake ni nyepesi: mtu akiukana uraia ili achukue mwingine, uraia wa kwanza usikome mpaka wa pili uwe umepatikana au umehakikishwa. Tanzania haijajiunga na mkataba huo. Utaratibu wa kawaida wa tajnisi ndani ya nchi unamtaka aliyekubaliwa alete kwanza uthibitisho kwamba ameukana uraia wa zamani, ndipo akabidhiwe cheti. Kwa Mhindi au Mwingereza mwenye ubalozi imara na pesa kidogo za akiba, zile wiki za katikati ni usumbufu. Kwa mwenye asili ya nchi iliyosambaratika, au ambaye ubalozi wake haujibu barua, zinaweza kuwa maisha.

Katika wilaya ya Handeni mkoani Tanga kuna mfano wa kutia moyo. Katika karne ya 19 Wazigua, wenyeji wa huko, walichukuliwa utumwani, wakasafirishwa kwa majahazi hadi pwani ya Banadir, na vizazi vyao vikaishia bonde la Mto Juba kusini mwa Somalia, vikilima na kuitunza Kizigua. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991, baadhi yao walipanda vyombo vya baharini kurudi kusini, mpaka Tanga. Wenzao wengi waliobaki kambini Kenya walipelekwa Marekani miaka ya 2000. Waliofika Tanga walipewa ardhi Chogo, humo Handeni, mwaka 2003, kila familia na shamba lake, huku njia ya tajnisi ikiwa wazi tangu mwanzo, na wengi wao sasa ni raia. Bibi wa Chogo angeweza kukaa na bibi mwenyeji wa Handeni wakasemezana kwa lugha moja baada ya zaidi ya miaka mia moja. Ardhi ilikuja kwanza, karatasi ikafuata, hakuna aliyeambiwa ahame ili awe Mtanzania. Ni kweli kundi lilikuwa dogo na undugu ulikuwa dhahiri. Bado mpangilio wake ni somo.

Kenya ilipita njia nyingine. Katiba ya 2010 imetoa uraia kwa kusajiliwa: miaka 7 ya ndoa na raia, awe mume au mke, au miaka 7 mfululizo ya kuishi nchini kihalali. Imeruhusu pia uraia wa nchi mbili, kwa hiyo upande wa Kenya hauna sharti la kuukana wa kwanza, na pengo la katikati linafungwa palepale. Ila neno "kihalali" limewaacha nje wengi ambao hawajawahi kuwa na karatasi yoyote. Wamakonde walioletwa kutoka Msumbiji wakati wa ukoloni kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa ya Kwale waliishi hapo vizazi vitatu bila kitambulisho. Bila kitambulisho hupati laini ya simu kwa jina lako, kwa hiyo hata pesa zako zinapita kwenye simu ya jirani, na jirani akihama zinahama naye. Sheria ya 2011 iliweka dirisha kwa waliokosa uraia ambao wamekuwapo tangu Uhuru wa Desemba 1963, lakini dirisha lilikaa bila kufunguliwa mpaka Oktoba 2016, Wamakonde walipoondoka Kwale na kuandamana hadi Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta. Mwanzoni mwa 2017 walikuwa wametambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

Washona waliokuja na kanisa lao kutoka Zimbabwe karibu na miaka ya Uhuru walifuata: Desemba 12, 2020 ilitangazwa kwamba 1,670 wao, pamoja na watu 1,300 wenye asili ya Rwanda, watapewa uraia. Kisha Julai 2023 ikawa zamu ya Wapemba wa Kilifi na Kwale, wavuvi ambao baadhi yao walikuwa wakienda baharini kwa leseni za wengine kwa sababu wao hawakuweza kuikata. Mtu hawezi kuyasoma hayo bila kufurahi. Lakini Kenya pia imetegemea hisani ya ikulu, kundi baada ya kundi, kila moja likisubiri rais aliye tayari kulisikia. Anayeishi peke yake Githurai, asiye na kanisa wala kabila la kuandamana naye, hana zamu.

Kurudi Tanzania, kuna wengine wanaoangukia pengoni bila kuonekana, maana hawako kambini wala kwenye makundi. Kifungu cha 11 kinampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba tajnisi wakati wowote mumewe akiwa hai. Mwanamume wa kigeni aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo. Anahesabiwa miaka kama mgeni mwingine yeyote, na kamati zinamjadili kama mgeni mwingine yeyote, hata kama ana watoto wanne Watanzania na mama mkwe anayemtegemea kwa dawa za sukari. Binti wa Kitanzania anayeolewa na Mkongo wa Kalemie au Mkenya wa Taveta anajifunza kwamba ndoa yake ina uzito mdogo mbele ya sheria kuliko ya kaka yake. Hakuna hoja ya usalama inayoweza kueleza tofauti hiyo, kwa sababu mke wa kigeni na mume wa kigeni wanavuka mpaka uleule kwa pasipoti zilezile.

Kurekebisha baadhi ya haya hakuhitaji hata kugusa ubishi wa uraia wa nchi mbili. Utaratibu ukibadilishwa ili kuukana uraia wa zamani kuanze kufanya kazi siku ileile ya kiapo cha utii, cheti kikiwa mezani, pengo litafungwa bila taifa kupoteza chochote. Tarehe ya mwisho ya kutoa cheti, tuseme siku 90 tangu maombi yakubaliwe, ingezuia masharti mapya kuongezwa baada ya uamuzi, kama lile la kuhama. Mwombaji anapojadiliwa na kamati aonyeshwe tuhuma iliyoandikwa dhidi yake, hata kama jina la aliyeitoa litafichwa, ili ugomvi wa shamba ujulikane kuwa ugomvi wa shamba. Kifungu cha 23 na cha 11 ni kazi ya Bunge. Kile cha 23 kitapingwa, kwa sababu hakuna wizara inayopenda kueleza sababu zake mahakamani, lakini mahakama za Tanzania zimeshapima maamuzi mazito kuliko hayo bila nchi kutikisika. Na kifungu cha 5 kinasubiri kusomwa kama kilivyoandikwa, au kubadilishwa waziwazi na wabunge wenyewe. Kukiacha kiseme jambo moja vitabuni na jingine kaunta ya Uhamiaji ni kumwachia karani madaraka ya Bunge.

Wanaoathirika kwanza na hayo yote wanajulikana waliko. Wakimbizi wa 1972 hawakwenda makazini wote. Wapo waliobaki katika vijiji vya Kigoma, wakalima pamoja na Waha ambao Kiha chao na Kirundi ni ndugu, wakawa watu wa hukohuko. Zaidi ya 20,000 kati yao waliandikishwa na kuomba uraia kama wenzao wa Katumba na Mishamo. Vyeti vya makazini vilipokwisha kutolewa, maombi ya Kigoma yaliendelea kukaa miaka mingi bila uamuzi. Walitimiza miaka 7 inayotakiwa kabla wajukuu wao hawajazaliwa, Kiswahili wanakijua, majirani wanawajua kwa majina ya ukoo, na hakuna mwenye mpango wa kuwahamisha. Katika Jedwali lote la Pili halibaki sharti hata moja ambalo mtu anaweza kusema wamelikosa, na chini ya kifungu cha 23 hakuna anayelazimika kuwaambia kwa nini wanangoja.